Shangazi, mume wangu anataka kuvunja ukuta wa jiko

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbagala kwenye nyumba yetu wenyewe. Kikoba chetu kimevunjwa na nimepata milioni sita. Mume wangu anataka tubomoe ukuta kati ya sebule na jiko, tuweke marumaru na dari ya jipsamu, kama nyumba anazoziona kwenye simu. Mimi ninachoona ni bati linalovuja koridoni, na rangi ya chini ya kuta inayobanduka kila mwaka. Kazi anataka apewe mdogo wake ambaye ni fundi. Mara ya mwisho alituachia choo nusunusu miezi minne. Nikisema neno, naambiwa siwapendi ndugu zake. Nifanyeje?*
*Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na korido, maana hilo ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kushikwa na pupa ya jipsamu. Fundi akaniambia tundu la bati ni dogo tu, ataliziba tukimaliza. Masika ikatuwahi. Doa la rangi ya chai likatokea juu ya kabati, likawa kama sahani, likawa kama sinia, na alfajiri moja kipande kizima kikatua mezani penye chupa ya chai. Jipsamu ikishalowa haina mjadala. Kwa hiyo bati kwanza, na lishughulikiwe kiangazi, kabla ya vuli. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, ila mipira ya misumari imechakaa. Mtu apande akague, huenda gharama ikawa ndogo kuliko unavyoogopa.

Kuta zinazobanduka ni habari nyingine. Kama ni futi mbili tatu kutoka chini, na ukipitisha kidole unapata unga mweupe kama chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Pengine wakati wa msingi hawakutandika nailoni, au mchanga ulikuwa wa chumvi, au maji ya mvua yanatuama nje ya ukuta huohuo. Kupaka rangi juu yake ni kumpa mwenye duka la rangi pesa kila mwaka. Kubandika marumaru juu yake ni kuficha tu. Unyevu utabaki nyuma. Kwanza maji ya nje yapewe njia ya kwenda, kisha plasta iliyooza ibanduliwe mpaka tofali lionekane, ukuta uachwe ukauke vizuri, ndipo ipigwe mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Fundi anayesema atabandua leo na kupiga plasta kesho, muage.

Sasa huo ukuta wa jiko. Muulize baba watoto, kwa upole, amewahi kukaa chumba kimoja na papa anayekaangwa? Nyumba za kwenye simu hazipiki papa, wala hazina jiko la mkaa siku gesi inapoisha. Lakini kubwa zaidi ni kenchi, yaani zile mbao zinazobeba bati. Kabla nyundo haijainuliwa, mtu aingie darini aone kenchi zimekalia wapi. Zikiwa zimeegemea ukuta huo, ndio unaobeba paa, na kuutoa kunataka bimu ya nondo iliyopimwa na anayejua hesabu zake, pamoja na kuuliza halmashauri habari ya kibali. Milioni sita zinaweza kuishia hapo, na bado bati linavuja. Kama kiu yake ni sebule ionekane kubwa, kutanua mlango kunaweza kumtosha, ingawa hapo napo juu lazima pawe na lenta, boriti ya kubeba ukuta ulio juu ya mlango.

Marumaru sizipingi. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 linafunika 1.44, kwa hiyo ni maboksi 14, na ya kukatika mpaka 16. Nunua yote siku moja na uangalie namba ya toleo kwenye kila boksi, maana ukirudi baadaye rangi inaweza isifanane. Ila hizo ni za mwisho, kama hela itabaki. Na milioni moja iweke akiba, usiitaje kwa mtu yeyote. Ukuta wa zamani ukifunguliwa, hukosi kukuta la kukukuta.

Tumefika kwa shemeji. Nikuulize, choo kile mlimlipa kama fundi, au mlimpa chakula na ya soda kwa kuwa ni wa nyumbani? Nahisi jibu nalijua. Fundi asiyelipwa akipata kazi ya kulipwa anakwenda, na wewe ungekwenda. Basi mlipeni bei ya fundi, kwa hatua: bati likiisha analipwa la bati, plasta ikiisha analipwa la plasta, na yote yaandikwe kwenye daftari na kusainiwa. Vifaa nunua mwenyewe, risiti ukae nazo. Akikataa masharti hayo, amejitoa mwenyewe. Lakini maneno haya asiyasikie kinywani mwako. Ni mdogo wa mumeo, basi mumeo ndiye azungumze naye, wewe ukiwa umeketi hapohapo na daftari.

Na ili mumeo akuelewe bila kelele, fanya hivi. Ijumaa kata kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, kibandike kwenye ukuta unaobanduka, chini palipo pakavu kidogo ili selotepu ishike, uzibe pande zote nne. Asiguse mtu. Jumapili asubuhi, akishakunywa chai, mwambie akibandue yeye, apitishe mkono wake upande ulioelekea ukutani.