Kulenga Mbali: Majibu kwa Wawindaji Wenye Leseni

Msimu unakaribia na maswali yamekuwa mengi. Nimechukua haya matano kwa sababu yanagusa karibu kila aliyeandika.

Shikamoo mwalimu. Bunduki yangu ya .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi) nimeiseti mita 100, inapiga katikati kabisa. Mbona mita 300 risasi zote zinapita chini? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Bunduki yako ni nzima. Risasi huanza kushuka mara inapotoka mtutuni, na kadiri kasi inavyopungua ndivyo inavyozidi kushuka. Risasi ya .308 yenye uzito wa greni 168 (kama gramu 11), ikiwa imesetiwa mita 100, hushuka kama sentimita 12 kwenye mita 200, karibu nusu mita kwenye 300, na zaidi ya mita nzima kwenye 400. Kama darubini yako ni ile ya robo dakika (dakika ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii) kwa kila klik, yaani kila hatua ya kitufe chake cha kurekebisha, klik moja husogeza risasi sentimita 2 na kidogo kwenye mita 300. Kwa hiyo utahitaji klik 22 hivi kwenda juu.

Lakini usiende porini na hesabu yangu, wala na jedwali la kwenye boksi la risasi. Mtutu mfupi hupunguza kasi, na kasi ikipungua namba zote zinabadilika. Tundika karatasi mita 150, 200, 250 na 300 mbele ya tuta la udongo, piga, kisha andika namba za bunduki yako na uzibandike kitakoni.

Nikiwa mezani, risasi tatu zinaingia ndani ya sentimita 3. Mwaka jana nilimkosa kongoni mita 200. Tatizo ni nini? (Msomaji, Singida)

Tatizo ni meza. Meza na mfuko wa mchanga vinapima bunduki, havimpimi mpigaji. Porini utasimama kwenye nyasi za kiunoni, umetoka kutembea, moyo unadunda.

Nakuomba ufanye hivi. Kata duara la sentimita 20, ambalo ni kama ukubwa wa sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala. Liweke mita 100. Tembea haraka mpaka uhemeke, tegemeza bunduki kwenye magongo matatu yaliyofungwa kwa juu, na upige risasi moja ndani ya sekunde chache. Pumzika, mtutu upoe, kisha rudia. Risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi ndiyo pekee ninayoihesabu, maana mnyama hakupi risasi ya majaribio. Rudia ukiwa umepiga goti, kisha umekaa chini na viwiko viko ndani ya magoti. Ukikaa vizuri utashangaa jinsi alama inavyotulia.

Zikiingia zote, sogea hadi mita 150. Pale zinapoanza kutoka nje ya duara ndipo mwisho wako, hata kama ni mita 160 na jirani yako anajisifu kwa 400. Mnyama aliyepigwa tumboni huenda mbali na hufa kwa mateso. Hili linaniuma, na ndiyo sababu nalirudia kila mwaka.

Upepo nausomaje? (Msomaji, Manyara)

Tazama nyasi na majani karibu na mnyama na katikati ya njia, usitazame pale uliposimama tu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma ile .308 sentimita 2 tu kwenye mita 100, lakini kwenye 300 unafika kama 20. Hapo umeshatoka kwenye mapafu. Ukiwa na shaka, mnyemelee usogee karibu zaidi.

Kaka, nawinda kulungu huku Texas na mume wangu. Nikikaribia kufyatua nafumba macho na bunduki inayumba. (Msomaji, Houston)

Dada yangu, mwili unaogopa mlio na teke la bunduki. Vaa vizibo vya masikio na vifunika masikio juu yake. Mwombe mume wako akuwekee risasi bandia katikati ya zile halisi bila wewe kujua; ile isiyolia itakuonyesha wazi jinsi unavyoshtuka. Toa pumzi, tulia, kisha vuta triga polepole kwa ncha ya kidole, na uendelee kutazama darubini hata baada ya mlio. Nyumbani fanya hivyohivyo na bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine.

Mnyama anayetembea mita 300, nimtangulie kiasi gani? (Msomaji, Nakuru, anayejifunza)

Usimpige. Risasi huchukua kama sekunde 0.4 kufika huko, na mnyama anayetembea mita moja kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 40. Ulilenga bega, utapiga tumbo.

Na kwa kuwa uko Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, shabaha ya karatasi kwenye klabu iliyosajiliwa itakutosha. Anza na bunduki ndogo ya .22 kwenye mita 100: kwa umbali huo upepo huisukuma karibu sawa na .308 kwenye mita 250 hadi 300, na risasi zake ni za bei nafuu.