Maswali ya Wasomaji: Mavazi ya Anime kwenye Meza ya Fundi

*Mteja ameniletea picha ya Tanjiro wa Kimetsu no Yaiba, ile anime (katuni ya Kijapani), anataka lile vazi la juu lenye drafti za kijani na nyeusi. Kitambaa chenye drafti kubwa kiasi kile sijakipata, nikaamua kuunga vipande. Mgongoni drafti zimekataa katakata kukutana. Nimekosea wapi?*
— Fundi cherehani, Morogoro

Fundi, bila shaka umelikata kama koti. Vazi hilo ni haori, na haori haina bega la mteremko wala kwapa la mviringo. Kitambaa cha kimono tangu zamani hufumwa chembamba, upana wa sentimita 36 hivi, kwa hiyo nguo nzima ni mistatili iliyoungwa, na mshono hupita katikati ya mgongo. Ukikata kwapa la duara tu, umeshazivunja drafti.

Kwa hiyo acha drafti ziamue kipimo, si mwili. Kwa mtu wa sentimita 165 hivi, kila drafti iwe sentimita 10 ikishashonwa, maana yake ukate 12, upande wa mshono ukila sentimita moja. Kila nusu ya mwili iwe na drafti tatu kwa upana na 18 kwa urefu: tisa mbele, tisa nyuma, bila mshono begani. Kila mkono drafti tatu kwa kumi, unakunjwa katikati. Kola drafti mbili kwa ishirini, nayo inakunjwa kwa urefu. Jumla vipande 208, nusu kwa nusu. Kitambaa chenye upana wa mita 1.5 kitakutosha mita 1.5 kwa kila rangi.

Usikate vipande kimoja kimoja, utazeeka nacho. Kata mikanda ya sentimita 12 kwa upana wote wa kitambaa. Unga mikanda mitatu kwa urefu wake: kijani, nyeusi, kijani. Halafu unga mingine: nyeusi, kijani, nyeusi. Piga pasi, kisha katiza kila muungano kila baada ya sentimita 12. Sasa una safu za drafti tatu za aina mbili, nawe unazipanga kwa zamu.

Hapa ndipo tunapodhani umenaswa: nusu ya kulia na nusu ya kushoto hazifanani. Nusu moja ikianza na safu ya kijani-nyeusi-kijani, ya pili lazima ianze na nyeusi-kijani-nyeusi. Ukishona mbili zinazofanana, kijani itagusana na kijani mgongo mzima. Mikono nayo ifuate utaratibu huohuo inapokutana na mwili.

Kosa la pili ni la milimita. Mshono ukila sentimita 1.1 badala ya 1, kila muungano unapoteza milimita mbili. Safu 18 zina miungano 17, basi nusu moja imepungua sentimita 3.4 na mwenzake hajapungua. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani, sentimita moja kutoka kwenye sindano, ukimbizie ukingo hapo. Ukishaunga safu tano, pima: ukingo hadi ukingo iwe sentimita 52. Ikiwa 51, fumua sasa hivi, usisubiri.

Poplini nyepesi inatosha. Ifue kwanza, hasa ile nyeusi, mpaka maji yatoke safi, la sivyo mvua moja itaichafua kijani yote. Masalio ya mshono yalalie upande wa nyeusi, yasionekane kupitia kijani. Bitana weka, kwa sababu miungano mingi hivyo inakwaruza ngozi.

*Nikizishona nyingi nikauza, si nitaambiwa nimeiba mchoro?*
— Mfanyabiashara, Kisumu

Drafti yenyewe ni ya kale. Wajapani huiita ichimatsu, kwa jina la Sanogawa Ichimatsu, mwigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani) wa karne ya 18 aliyeipa umaarufu jukwaani; hata nembo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 ilichorwa kwa drafti hiyo. Mwaka 2020 kampuni ya uchapishaji ya Shueisha iliomba kuisajili drafti ya Tanjiro kama alama ya biashara, na ofisi ya Japani inayohusika ikakataa, kwa kuwa watu wangeiona kama pambo la kawaida. Majani ya katani ya kimono cha Nezuko, dada yake Tanjiro, nayo ni mchoro wa mapokeo, unaopendwa sana kwenye nguo za watoto wachanga kwa sababu katani hukua upesi na kunyooka. Ila usibandike jina la mhusika, picha yake wala nembo ya katuni kwenye lebo. Hivyo vina mwenyewe. Na kwa kuwa usajili hutofautiana nchi hadi nchi, kabla ya kuagiza robota zima muulize wakili.

*Nataka kuwa Sailor Moon kwenye tamasha la shule, lakini navaa hijabu na sketi yangu haipandi juu ya kifundo cha mguu. Nimeambiwa haitawezekana.*
— Binti, Unguja

Waliokuambia hawajamtazama vizuri. Kinachomtambulisha Usagi, yaani Sailor Moon mwenyewe, kwa mbali ni vitu vinne: kola ya baharia ya buluu yenye michirizi myeupe, tai mbili nyekundu za kipepeo (kifuani na kiunoni nyuma), sketi ya buluu, na mabonge mawili ya nywele yenye mikia mirefu. Urefu wa sketi haumo. Kola yenyewe imetoka kwenye sare za wasichana wa shule za Japani, zilizoanza kuiga mabaharia miaka ya 1920.

Sketi: kiuno cha sentimita 72 kinapata marinda 24 ya sentimita tatu. Kila rinda hula mara tatu ya upana wake, hivyo kata sentimita 216 na nne za mshono. Tumia poliesta, maana marinda ya pamba yatalala kabla hujafika ukumbini. Nyunyiza siki sehemu moja kwa maji sehemu tatu, weka kitambaa cha pamba juu, piga pasi, na usiliguse rinda mpaka lipoe. Jaribu kwanza kwenye kipande, rangi nyingine hubadilika.

Kichwa ndiyo kazi. Usijaze mabonge ndani ya hijabu ukayabana kwa pini, yatahama ukigeuka tu. Chukua kofia ya ndani inayobana, ushonee juu yake mabonge mawili ya sponji ya sentimita saba, kila moja sentimita tano kutoka katikati ya utosi. Vaa hijabu ya manjano ya pamba inayovutika, kisha kila bonge livalishe duara la kitambaa hichohicho, kipenyo sentimita 28, lenye lastiki ukingoni. Mikia kata mikanda miwili, ishone mirija, ujaze pamba kidogo nusu ya juu tu. Ishikize kwenye kofia ya ndani kwa mkanda unaopita kwenye tundu dogo la hijabu chini ya bonge. Ikining'inia kwenye hijabu yenyewe, uzito utaivuta nyuma na shingo itabaki wazi.

*Kwa nini Goku wa Dragon Ball anavaa nguo ileile miaka yote?*
— Mwanafunzi wa kidato cha pili, Nakuru

Kwa sababu nguo yake ilichorwa kwa mkono, mara maelfu. Katuni nyingi za televisheni za Kijapani hutumia kama michoro minane kwa sekunde, kila mmoja ukipakwa rangi upya. Rangi ya chungwa tupu na buluu tupu hazimchoshi mchoraji, nazo hukufanya umtambue mhusika akiwa mdogo kama njegere kwenye kioo. Drafti za Tanjiro zingekuwa adhabu kwa wachoraji wa zamani: kitambaa kikikunjwa, kila drafti nayo inakunjwa.

*Mawingu mekundu ya joho la Akatsuki, lile kundi la katuni ya Naruto, yanakunjamana nikiyashonea. Uzi nimebadilisha, bado.*
— Fundi, Mombasa

Si uzi. Zigizaga iliyobanana huvuta kitambaa chepesi. Nyuma ya kila wingu gandisha kwa pasi kile kitambaa kigumu kinachowekwa ndani ya kola, kizidi wingu kwa sentimita mbili pande zote. Wingu jeupe likatwe kubwa kuliko jekundu kwa nusu sentimita, na jekundu lishonwe juu ya jeupe kwanza, nje ya joho. Zigizaga iwe na upana wa milimita tatu. Na shona mawingu yote kabla ya kuunga mishono ya ubavuni, joho likiwa bado bapa mezani.