Kuisaidia Krita bila kujua kuandika programu

Ndugu, umeuliza kama mchoraji asiyejua C++, lugha ya programu iliyotumika kuiandika Krita, anaweza kuisaidia programu hiyo huria ya kuchorea. Anaweza, tena sana. Anza na ripoti za hitilafu kwenye bugs.kde.org, maana Krita iko chini ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria. Ripoti huweza kukwama kwa sababu tu aliyeileta aliandika "brashi inaganda" akaishia hapo. Ichukue, pakua toleo la majaribio, kisha ujaribu mwenyewe: brashi ipi, ukubwa gani, turubai ya pikseli ngapi, kalamu gani, kompyuta inatumia mfumo gani. Ukifaulu kuifanya hitilafu itokee tena, andika hatua zote kwa mfuatano. Kwa msanidi programu, huo ni msaada mkubwa mno. Na kila hitilafu iwe na ripoti yake.

Mwongozo wa matumizi nao unahitaji watu, na tafsiri vilevile.

Ukitamani kujifunza kuandika msimbo, nakushauri uanze na lugha ya Python. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, Krita inapokea viongezi (programu ndogo za kuiongezea uwezo) vya Python, kwa hiyo hulazimiki kuijenga programu nzima. Ila kabla ya kuanza kipengele kikubwa, zungumza kwanza na wasanidi; inauma kazi ya wiki nyingi ikikataliwa.