Kitabu cha Jack Kirby nilicholipwa badala ya hela ya bango

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna maana yoyote ya kutoa hela kununua likitabu la kazi za maisha ya mchora katuni, wakati picha zenyewe zimejaa kwenye simu bure. Naona wadau wengi wamekujibu kwa kuangalia bei. Mimi kitabu cha aina hiyo ninacho, na nilikipata nikiwa na hasira, kwa hiyo ngoja nikueleze nilichokikuta ndani.

Ni mchora mabango hapa Mwanza, banda langu lipo Kirumba. Saluni, maduka ya dawa, migongo ya daladala, majina ya mitumbwi, yote nachora. Kuna mwenye gesti mmoja nilimchorea bango, ikafika hela ya kumalizia, ikawa njoo kesho, njoo Ijumaa. Mwisho akanikabidhi boksi la vitabu walivyoacha wageni wake, eti tumemalizana. Chini kabisa kulikuwa na hili dude, zito kama tofali, la kazi za Jack Kirby, mchora katuni wa Marekani.

Jina halikunigusa. Sisi tuliokua na jarida la katuni la Sani tuliwajua Lodi Lofa na Ndumilakuwili, huyu nani? Nafungua, nakutana na Black Panther. Yule yule ambaye mwaka 2018, filamu yake ilipotoka, vijana wa kibanda umiza mtaani kwetu walikuwa wanasalimiana kwa mikono msalaba kifuani kwa ajili yake. Kumbe alitoka kwenye penseli ya huyu mzee mwaka 1966, maneno akiweka Stan Lee. Thor na Hulk nao ni mkono wake. Captain America alimbuni na Joe Simon, toleo la kwanza likiwa na tarehe ya 1941, miaka mitatu kabla Kirby mwenyewe hajapelekwa vitani Ufaransa.

Sasa nikujibu swali lako. Picha ya kwenye simu ni ile iliyokwisha kusafishwa kiwandani, kingo zimekatwa. Kwenye kitabu wamepiga picha karatasi yenyewe aliyochorea. Unaona rangi nyeupe ilivyopakwa juu ya mstari uliokosewa. Gundi iliyoshika vipande vya maneno imegeuka njano. Halafu pembeni, nje ya visanduku, kuna maandishi ya penseli.

Hayo maandishi ndiyo yaliyoniweka macho mpaka usiku. Miaka ya 1960 utaratibu wao ulikuwa hivi: wanaongea kidogo kuhusu hadithi, wakati mwingine kwa simu, Kirby anaenda nyumbani anachora toleo zima, halafu Lee anakuja kuandika maneno juu ya picha zilizokwisha kuchorwa. Ndiyo maana Kirby anamwachia ujumbe ukingoni: huyu hapa kakasirika, huyu anakimbilia mlangoni. Silver Surfer, yule anayeteleza angani juu ya ubao, Lee mwenyewe alisimulia kwamba alimkuta tu kwenye kurasa, hawakuwa wamemzungumza. Kitabu kilichouzwa dukani hakikukuonyesha hayo, kingo zilikuwa nje ya chapa.

Mimi hapo nilicheka peke yangu. Mteja anakuja bandani ananiambia, "Fundi, niwekee kitu kikali cha samaki." Basi, maelezo ndiyo hayo. Samaki, pozi, maji, jina limekaaje, vyote vyangu. Mtumbwi ukishaingia ziwani watu wanamsifia mwenye mtumbwi kwa ubunifu.

Kitu kingine ni ukubwa. Karatasi zake za mwanzo zilikuwa karibu mara mbili ya ukurasa uliochapwa, na ukizitazama unajua huyu mtu alichora kwa bega, si kwa vidole. Kuna ngumi zake zinakujia usoni, ngumi kubwa kuliko kichwa cha mwenye ngumi, halafu mwili mzima unanywea kwa nyuma. Nikaenda kuijaribu kwenye mtumbwi mmoja pale Mwaloni, kwenye soko la samaki. Nikachora sangara anakutazama uso kwa uso, mdomo wazi kama pango, mkia kiduchu kule nyuma. Mwenye mtumbwi akazunguka mara mbili, akashika kiuno. "Fundi, mbona samaki wangu hana mwili?" Nikamwambia rudi nyuma hatua kumi. Akarudi. Akakaa kimya, akalipa yote siku hiyo hiyo, jambo ambalo halijawahi kunitokea tena. Baada ya hapo nikapata kazi tatu za "yule samaki wa mdomo".

Kasoro zipo. Maelezo yanasifia mno, kila ukurasa ni maajabu, na baadhi ya picha wamezivuta mpaka zimefifia. Ila hawakuficha ugomvi wa karatasi zenyewe. Kirby aliichorea Marvel, kampuni iliyochapa vitabu hivyo, kurasa zaidi ya 10,000, akadai arudishiwe, wakavutana miaka, na 1987 akapewa kama 2,000 hivi. Nyingine zilishaibwa au zimepotea. Alifariki 1994, familia yake na kampuni wakaja kuelewana 2014 kuhusu haki za wahusika aliowachora. Niliposoma hapo nilikumbuka mabango yangu yote yaliyopakwa rangi juu mwenye duka alipobadilika, sina hata picha moja. Siku hizi napiga picha kabla sijakunja ngazi.

Kwa hiyo mkuu, kama unataka tu kumwona Hulk, baki na simu yako. Kama unachora, au una mdogo wako anachora, kitafute, hata kilichochanika. Cha kwangu siuzi, ila kipo bandani, nyuma ya makopo ya rangi, anayetaka kukitazama aje. Anawe mikono kwanza. Hasa ninyi wa dagaa.