Mume Ameniacha, Nataka Kupanda Kilimanjaro: Je, Ninakimbia?

*"Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 41 na ninaishi Tanga na wanangu wawili. Mwaka jana mume wangu alinipa talaka baada ya miaka 15 ya ndoa, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kazini na kitandani tu. Wenzangu wamenishawishi nijiunge na kundi litakalopanda Mlima Kilimanjaro mwezi Disemba, na tangu nianze mazoezi ya kutembea nao ninapata usingizi. Dada yangu anasema mwanamke aliyeachwa hutulia akalea watoto, hahangaiki na milima. Nakiri pia kwamba moyo wangu unataka yule bwana aione picha yangu kileleni. Je, niende? – Mama wa Wawili, Tanga."*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa yaliyokukuta.

Nenda. Nimetanguliza jibu ili usisome barua hii yote ukiwa na wasiwasi, lakini ninaliwekea sharti moja: usikifanye kilele kuwa hakimu wa maisha yako, kwa maana umekwisha kuhukumiwa vya kutosha na watu wasiojua yaliyokuwa ndani ya nyumba yako.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na wewe umezoea hewa ya pwani. Huko juu kila pumzi hukupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Tanga, na mwili wa nani utastahimili hali hiyo ni jambo lisilopimwa kwa ushujaa wala kwa wingi wa mazoezi. Kijana anayekimbia kila asubuhi huweza kurudishwa njiani, na mama wa makamo anayetembea taratibu akafika. Kichwa kikiuma bila kutulia, ukatapika, ukaanza kuyumba au kuchanganyikiwa, dawa ni kushuka, tena bila mjadala. Sasa fikiri: ikiwa umekwisha kujiapiza kwamba kufika kileleni ndiko kutakakothibitisha kuwa hukuachwa kwa sababu ya upungufu wako, je, utamwambia mwongozaji ukweli kuhusu hali yako usiku ule? Utaficha dalili, na kuficha dalili mlimani kumewagharimu watu uhai.

Halafu tazama ulichokiandika kwa mkono wako mwenyewe. Usingizi umerudi, na mlima hujaukanyaga bado. Uliyekuwa mtu wa kazini na kitandani sasa una saa ya kuamka, una viatu vyako mlangoni na wenzako wanaokusubiri barabarani, na hayo ni mapato ambayo hakuna mwongozaji atakayeweza kukurudisha nayo nyuma. Yaendeleze. Lushoto haiko mbali nawe, na miinuko ya msitu wa Magamba itakufundisha kupanda na kushuka ukiwa na mkoba mgongoni kabla hujatumia fedha nyingi. Vaa viatu vile vile utakavyovipandia Kilimanjaro, kwa kuwa nguo za baridi unaweza kuzikodi Moshi lakini viatu vinapaswa kuujua mguu wako, na kata kucha fupi, maana wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu mpaka kucha zikawa nyeusi.

Jambo ambalo huenda hukulitarajia ni kwamba mlimani hakuna anayeijua talaka yako. Kwa mwongozaji na wapagazi, wewe ni mteja ambaye lazima anywe maji, ale hata kama hana hamu, na atembee pole pole. Kama mtapita njia ya Marangu, mtaondoka kibanda cha Kibo karibu na usiku wa manane, mkifuata mwanga wa taa za kichwani kwenye changarawe zinazorudi nyuma kila unapokanyaga, na chupa ya maji itabidi uigeuze mdomo chini ili barafu isianzie kwenye kifuniko. Katika saa hizo akili haina nafasi ya kumjadili mtu aliyekuacha. Hatua inayofuata huijaza yote. Nafuu hiyo ni ya kweli, ingawa ukirudi nyumbani machungu mengine utayakuta yalipokuwa.

Kuhusu picha, sitakulaumu, kwani ni nani asiyetamani aliyemdharau amwone ameinuka? Jiulize tu kama ungekwenda hata kama yule bwana asingejua kamwe. Ikiwa ndiyo, piga picha na uifurahie na wanao. Ikiwa moyo unasita, ahirisha safari, kwa kuwa hapo atakuwa bado ndiye anayekupangia ratiba.

Dada yako amekosea kuhusu aibu, lakini kuhusu watoto ana neno. Safari ya Disemba inafuatwa mara na ada ya shule ya Januari, na ingawa raia hulipa kiingilio cha hifadhi kilicho chini sana kuliko cha wageni, bado kuna usafiri, vifaa na takrima ya wapagazi. Tenga ada kwanza. Kisha umwombe dada huyo huyo akae na watoto. Huenda maneno yake makali yanatokana na hofu ya kukupoteza.

Mwone daktari umweleze unakokwenda, hasa kama una shinikizo la damu, pumu, au kuna selimundu katika ukoo wenu. Na ikiwa zile siku za kitandani zilikuwa na mawazo ya kutotaka kuishi, mweleze na hilo, usingoje Disemba.

Kabla hujalipa, muulize kiongozi wa kundi mambo matatu: kama mtatumia siku sita badala ya tano ili mlale usiku wa ziada Horombo, kituo cha njia hiyo ya Marangu kilicho chini ya Kibo, mwili uzoee, kama kila anayelazimika kushuka hupewa mwongozaji wa kumsindikiza, na wapagazi wanalipwa vipi. Akikujibu kwa mzaha, tafuta kundi lingine.

Shangazi