Kibali cha Kujenga Mji Mkongwe: Tufanye Nini Tunaposubiri?

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Sisi ni ndugu wanne, na tumerithi nyumba ya marehemu baba yetu huko Kiponda, Unguja. Paa limeshaanguka na ghorofa ya juu imebaki kuta tupu. Tumeomba kibali cha kuijenga upya ili tuhamie, na kuongeza ghorofa moja ya zege, lakini mpaka sasa tunaambiwa tusubiri tu. Fundi wetu anatushauri tuanze taratibu kwa ndani, kwa kuwa mpita njia hataona kitu. Masika nayo yanakaribia. Je, tumfuate?
Msomaji, Kiponda

JAWABU: Waalaykumu salaam, ndugu zangu. Msimfuate. Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi kwa mujibu wa sheria, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo anayelipima ombi lenu hatazami nyumba yenu peke yake, bali hutazama pia kimo cha nyumba za jirani, sura ya njia na kila kilichosalia cha jengo la asili. Kinachohifadhiwa si uso wa mbele tu. Dari za boriti, ngazi na ua navyo vimo, na kazi ya kificho ikigunduliwa husimamishwa, kisha ombi likaanza kuchunguzwa kwa jicho jengine.

Ninavyoona mimi, kinachowachelewesha zaidi huenda ni ile ghorofa ya zege. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na hubeba mzigo kwa unene wake. Sakafu ya zege yenye nondo ni mzigo ambao hazikujengwa kuubeba, na plasta ya saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikaula mpaka chokaa ikawa unga. Pitieni vichochoro vya mtaani kwenu mkaguse plasta ya saruji iliyovimba karibu na ardhi: hubanduka kama ganda la muhogo, na nyuma yake mchanga ukamiminika. Isitoshe, nyumba nyingi za huko zimegusana au zinachangia ukuta, hivyo wenu ukienda, hauendi peke yake. Bado tunakumbuka Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka ikiwa katika matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Ningekuwa nyinyi, ningeiondoa ghorofa hiyo katika ramani na kuomba kuirejesha nyumba kwa kimo chake cha zamani.

Halafu kuna suala la mirathi, ambalo watu hulisahau mpaka faili linapokwama. Warithi wote wanne wawe wamekubaliana kwa maandishi, na muwe na uhakika kwamba nyumba si wakfu. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe ni za wakfu, na huyo anayeishi ndani yake hana mamlaka ya kuijenga apendavyo.

Kuhusu masika, msikae mkaitazama nyumba ikilowa. Andikeni barua, mbali na ombi la kibali, mkieleza hatari iliyopo na kuomba ruhusa ya hatua za dharura: kuegemeza kuta kwa magogo, kufunika vichwa vya kuta kwa turubai, na kuyaelekeza maji ya mvua mbali na msingi. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa, kwa sababu linalinda kile kile kinachohifadhiwa. Mbakie na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana jibu la mdomo halina pa kushikwa.

Muda uliobaki utumieni kupima na kupiga picha kila chumba kabla kifusi hakijaguswa, kwani mchoro unaoonyesha nyumba ilivyo sasa ndio unaomwezesha mkaguzi kuulinganisha na ule mnaoutaka. Mawe na boriti nzima zilizoanguka ziwekwe kando, zisitupwe. Chokaa nayo, tafuteni mapema na muiloweke. Iliyokaa majini miezi kadhaa huwa laini na hushika vizuri kuliko iliyolowekwa jana. Na kama mlango wa nakshi bado upo, ufungeni vizuri, kwa sababu gofu lisilo na mtu huibiwa mlango kwanza.