Wosia wa wahitimu: namna ya kuwaachia wadogo zenu vituko vyenu bila kumwaibisha mtu

Kila shule ya bweni ina watu wanaojulikana kwa jambo moja. Mmoja huwahi foleni ya uji hata siku kengele imechelewa. Mwingine hulala prepo akiwa wima, kalamu mkononi, daftari limefunguliwa ukurasa ule ule tangu saa 1 usiku. Mwingine hawezi kusimulia kichekesho bila kucheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Wakimaliza kidato cha nne huondoka na mambo yao, na shule hupungukiwa. Wosia wa wahitimu umewekwa kwa ajili ya hilo: kila anayeondoka anaandika mistari michache ya kumwachia mdogo wake wa shule tabia, kipaji au kituko alichokuwa nacho, na mistari hiyo husomwa au kuchapishwa kabla ya kuagana.

Utaratibu wenyewe umekomaa Marekani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, vitabu vingi vya mwaka (yearbook, yaani kitabu cha picha na kumbukumbu za wanafunzi) vya sekondari za huko vimekuwa na ukurasa wa wosia wa darasa, mara nyingi ukiambatana na utabiri wa nani atakuja kuwa nani. Upo pia wosia wa mtu mmoja mmoja, ambao baadhi ya shule huuchapisha kwenye toleo la mwisho la gazeti la wanafunzi. Familia zinazoongea Kiswahili kule hukutana nao mtoto anapofika darasa la 12, na mzazi huulizwa jioni moja, "Mama, niandike nini?" Huku kwetu Tanzania, mahafali tayari yana risala, lakini risala husomwa kwa mgeni rasmi na huzungumzia upungufu wa walimu wa sayansi, uzio na bwalo. Wadogo hukaa nyuma chini ya turubai wakisubiri soda. Wosia ndio sehemu pekee ya siku ile inayosemwa kwao.

Na hatuuanzi kwenye utupu. Watu wetu wanajua utani. Mngoni na Mhehe hutaniana hata msibani, na mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya wafiwa, watu wakacheka huku machozi yanatiririka. Utani ule una mipaka yake: humtanii yeyote unayemtaka, unamtania mtani wako, na unamtania kwa jambo ambalo kila aliyepo alikwisha kuliona. Mipaka hiyo hiyo itatosha kwenye wosia.

Jambo la kushika kabla ya kalamu kugusa karatasi ni hili: wewe unaondoka, mrithi wako anabaki. Ukimwachia dada wa kidato cha tatu "uvivu wangu wa hesabu", wewe utakuwa nyumbani Desemba unapika pilau, naye Januari ataketi mbele ya mwalimu yule yule wa hesabu aliyesikia jina lake likitajwa. Utakuwa umempa sifa ya mwaka mzima kwa kicheko cha sekunde tatu. Kwa hiyo mgawanyo mzuri ni kwamba kasoro ibaki kwa anayetoa, na faida iende kwa anayepokea.

Tuone inavyokuwa kwenye maandishi. Sentensi kama "Namwachia kiranja mpya ucheshi wangu na upendo wangu" haimchekeshi mtu, kwa sababu yeyote angeweza kuiandika kuhusu yeyote. Linganisha na hii:

"Mimi, mpiga kengele wa asubuhi, nikiwa na akili timamu ingawa nimeamka saa 10 na nusu kwa miaka miwili, ninamwachia mpiga kengele mpya masikio yangu yasiyosikia lawama za bweni la pili. Sharti: asizidishe mapigo 12. La 13 ndilo linalowaamsha walimu."

Humo mna mtoaji, kitu kinachotolewa, ushahidi kwamba kitu hicho kipo kweli, mpokeaji, na sharti. Sharti ndilo hubeba kicheko, maana ndilo linalofanya mchezo ufanane na hati ya kweli, kwa hiyo likae mwisho. Waandishi wengi wachanga huweka sharti katikati, kisha wanamalizia na "nawapenda sana", na kicheko kinafia njiani. Shukrani zina mahali pake. Zipelekwe ukurasa wa shukrani.

Kasoro nayo ina namna ya kugeuzwa:

"Mimi, mlinda lango wa bweni letu, ninamwachia mrithi wangu wa kidato cha pili moyo wangu, ambao uliruhusu mabao saba katika mechi moja na wiki iliyofuata ukaomba kupangwa tena. Mabao ninaondoka nayo. Ninachomwachia ni kule kuomba kupangwa."

Kijana wa kidato cha pili akisikia hayo ananyanyuka kifua mbele, na wote wamecheka. Au hii ya jikoni: "Mimi wa kitanda cha juu, kona ya dirisha, ninamwachia jirani yangu wa kitanda cha chini ustadi wa kupata ukoko bila kugombana na mtu. Siri ni kumwamkia mpishi kabla hujatazama sufuria." Hapo mrithi amepewa kitu anachoweza kukitumia kesho yake asubuhi, na huo ndio wosia bora kuliko wote.

Kila mtu apewe maneno kama 35. Chini ya 20 ushahidi hukosa nafasi. Juu ya 45 msomaji huanza kuvuta pumzi katikati ya sentensi. Rasimu ikishaandikwa, futeni jina la mtoaji na mpokeaji, kisha mpeni asome mwanafunzi mmoja wa darasa la mtoaji, mmoja wa kidato cha tatu, na mmoja wa bweni jingine. Kama wawili kati yao wamemtambua mwenye tabia, mistari imeiva. Kama hakuna aliyemtambua, tabia haijulikani vya kutosha na mhusika atafute nyingine. Kama wamemtambua lakini mmoja ameguna au ametazama chini, rudisheni karatasi na muulize kwa upole kuna nini.

Kuna mambo yasiyoingia kabisa, hata mwenyewe akisema hana neno: umbile la mtu, rangi yake, kigugumizi, ulemavu, kabila linalotajwa kwa kejeli, dini, ada isiyolipwa, nani anampenda nani, na majina ya utani ya walimu. Hilo la mwisho huwa gumu kuliko yote, kwa sababu ndilo wanafunzi wanalolitamani zaidi. Mwalimu anayetaniwa vizuri hutaniwa kwa msemo wake anaourudia darasani, na kamati humwendea kwanza na kumwomba ruhusa. Wengi hukubali, na baadhi huongeza maneno yao.

Ungamo la makosa nalo lisiwemo. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba na ule wa kidato cha sita Mei, na mahafali huwekwa kabla ya mtihani. Mwanafunzi anayeandika "ninamwachia mdogo wangu tundu la kwenye uzio" bado ni mwanafunzi, bado yuko chini ya mwalimu wa nidhamu, na amejiandikia ushahidi kwa mkono wake wiki chache kabla ya kuketi mtihani. Amemtaja na mwenzake pia. Tena tundu lenyewe litazibwa Jumatatu.

Neno la kifo liangaliwe. Baadhi ya wazazi, Waislamu kwa Wakristo, hawafurahii kusikia mtoto wao mzima wa afya akijiita marehemu kwenye kipaza sauti, na mwenye msiba wa karibuni huumia zaidi. Mchezo hauhitaji neno hilo. "Ninayeondoka" inatosha, na kama kamati inaona hata wosia ni neno zito kwa shule yenu, andikeni "Hati ya makabidhiano" juu ya ukurasa.

Kamati iwe ndogo: wawili wa kidato cha nne, mmoja wa kidato cha tatu atakayesimama upande wa warithi, na mwalimu mlezi ambaye neno lake ni la mwisho. Kazi ianze wiki nne kabla ya mahafali. Wiki ya kwanza karatasi zinagawiwa, ya pili zinakusanywa na kupimwa, ya tatu warithi wanaulizwa, ya nne ni kuchapa. Kumuuliza mrithi hakuharibu mshangao kama mnamwambia tabia tu na kumficha sharti: "Kaka fulani anataka kukuachia uwahi wake wa foleni, unapokea?" Akikataa, asiulizwe sababu.

Mwanakamati wa kidato cha tatu awe na daftari la warithi. Bila daftari hilo, dada mkuu mpya atapata zawadi kumi na moja, na njuka wa kidato cha kwanza aliyekuwa akibeba maji ya kaka zake mwaka mzima hatatajwa popote. Kila mrithi asizidishe zawadi mbili. Ambao hawakutajwa wapewe kwa kundi: bweni, timu, kwaya, "wote waliowahi kukaa dawati la nyuma kabisa chumba cha kemia". Orodha hii ipitiwe jina kwa jina kabla ya kuchapa, kwa sababu mtoto aliyeachwa hatalalamika kwa sauti, lakini atakumbuka.

Mwalimu mlezi asisome mstari mmoja mmoja tu, asome na ukurasa mzima kwa pamoja. Mwaka 1995 huko Greenwich, Connecticut, wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho waligawana ujumbe wa chuki dhidi ya watu weusi kwenye maelezo yaliyokaa chini ya picha zao katika kitabu cha mwaka. Kipande cha kila mmoja hakikuonyesha kitu. Vilipounganishwa ndipo ujumbe ukasomeka, na kitabu kilikwisha kutoka. Someni herufi za mwanzo za mistari, someni maneno ambayo hayana sababu ya kuwepo, na mwombeni kijana wa kidato cha tatu awaeleze misemo ya mtaani ambayo mwalimu haijui. Msemo usioelezeka uondolewe.

Sasa hesabu ya muda. Wahitimu 120 kwa maneno 35 ni maneno 4,200. Msomaji wa Kiswahili kwenye kipaza sauti, akisubiri watu wacheke, huenda karibu maneno 90 kwa dakika, kwa hiyo kusoma wote ni dakika 45 na zaidi. Mgeni rasmi hatavumilia, na mshereheshaji atakata katikati. Chagueni 12 za kusomwa, zenye warithi wa vidato tofauti, na mtamaliza ndani ya dakika nane pamoja na vicheko. Wasome wawili kwa kupokezana, mmoja wa kiume na mmoja wa kike kama shule ni mchanganyiko. Asiyesoma awe anatafuta kwa macho mrithi anayefuata aliko amekaa. Mkianza na ya kuchekesha kuliko zote, zile kumi na moja zitaonekana baridi. Iwekeni ya tatu, na nyingine kali iwe ya mwisho.

Zilizobaki ziende kwenye kijitabu. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kwa herufi za ukubwa wa 10, ukurasa mmoja huchukua karibu maneno 250. Maneno 4,200 yanakuwa kurasa 17, ukiweka jalada na ukurasa wa warithi wa makundi unafika 20, yaani karatasi tano zilizobanwa kwa pini mbili kwenye mkunjo. Fedha ikiwa haba, toeni nakala moja kwa kila chumba cha bweni na mbili ukutani karibu na bwalo, mahali pasipolowa mvua.

Kuhusu vitu vya kukabidhi mkononi: vinapendeza, ila kengele ya shule, vitabu vya maktaba na mpira vina namba ya stoo na hamna haki ya kuvigawa. Toeni vyenu. Ndoo, fyekeo, kwanja, jembe, daftari la fizikia lenye maswali yaliyofanywa hadi mwisho, hivi vinasafiri vibaya kwenye basi na vina kazi kwa anayebaki. Mwandike jina la mrithi kwa rangi kwenye ndoo siku moja kabla, ili rangi ikauke. Mwacheni mrithi aje mbele achukue, arudi kukaa, ndipo jina linalofuata lisomwe.

Baada ya mahafali, nakala moja ibaki maktaba na nyingine kwa mwalimu mlezi. Karatasi za rasimu, zikiwemo zile zilizokataliwa, zichomwe siku hiyo hiyo na mwanakamati, si kutupwa jalalani ambako zitaokotwa. Kijitabu kisiwekwe mtandaoni kikiwa na majina kamili ya watoto wa kidato cha kwanza na cha pili; wahitimu wanaotaka kumbukumbu kwenye simu wapige picha ukurasa wenye mistari yao wenyewe. Daftari la warithi libaki kwa mwanakamati wa kidato cha tatu, maana mwakani yeye ndiye atakayeita kikao cha kwanza, na atahitaji kujua nani alipewa nini ili atakapoachia naye aandike kilitoka kwa nani.